Maji Mamoja, Matumizi Matatu: Historia Fupi ya Bwawa la Jinja

Katika safu yetu ya historia safari hii tumechagua kuzungumzia Jinja, mji ambao wanafunzi wengi wa Uganda wanaujua kwa jambo moja tu: kwamba hapo ndipo Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Sababu ya kuuchagua ni ya kidarasa pia. Sisi walimu wa Kiswahili tuna desturi ya kufundisha msamiati wa maji katika somo moja, wa nishati katika somo la pili na wa chakula katika somo la tatu. Historia ya Jinja inatuonyesha kuwa mambo haya matatu hayajawahi kutengana. Kila mara wakubwa walipoyatenganisha, kuna watu waliolipa gharama, na mara nyingi hawakuwa wale waliofanya uamuzi.

Kabla ya bwawa

Jina la Jinja latokana na neno lenye maana ya jiwe au mwamba katika lugha za wenyeji. Jina hili linafaa sana, kwa sababu ni mwamba uliotawala ziwa lote. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, linagawanywa na nchi tatu, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea. Katika mlango huo palikuwa na kizingiti cha mawe, na maji yalikivuka kwa kuporomoka. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa maporomoko hayo jina la Ripon. Wenyeji walikuwa na majina yao tayari. Ziwa waliliita Nalubaale, jina linalohusishwa na makao ya mizimu, na mto waliuita Kiyira.

Jambo la kuelewa hapa ni namna kizingiti kile kilivyofanya kazi. Ziwa lilipojaa, maji mengi zaidi yalivuka mwamba. Lilipopungua, maji yaliyovuka yalipungua pia. Kwa hiyo ziwa lilijirekebisha lenyewe bila mlinzi wala ofisi. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili, zaidi ya asilimia 80, hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa kugeuka mvuke. Kinachobaki ndicho kinachouanzisha Mto Naili. Ndiyo maana mvua ikibadilika kidogo tu, kimo cha ziwa hubadilika sana. Vipimo vya kimo hicho vilianza kuandikwa mwaka 1896, na tangu hapo tuna kumbukumbu ya zaidi ya karne nzima.

Mwaka 1907 Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri katika Ofisi ya Makoloni, aliyatembelea maporomoko ya Ripon. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908 alishangaa kuona nguvu nyingi kiasi kile zikipita bure bila kutumiwa. Wazo hilo halikusahauliwa.

Bwawa na makubaliano yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilitaka Uganda iwe na viwanda. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na ujenzi wa bwawa ukaanza katika maporomoko ya Owen, kilomita chache chini ya Ripon. Hata hivyo, Uganda haikuweza kuamua peke yake. Mkataba wa Maji ya Naili wa mwaka 1929, uliotiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, uliipa Misri haki ya kuzuia kazi yoyote ambayo ingepunguza maji ya mto. Misri ilikubali bwawa lijengwe, lakini kwa masharti. Kwanza, ukuta uongezwe kimo kwa mita moja ili ziwa liweze kuwa ghala la maji ya Misri kwa miaka ya ukame. Pili, mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia maji yanavyofunguliwa. Kwa Misri, maji ya Jinja yalikuwa chakula: yalikuwa mashamba ya pamba na ngano yaliyo maelfu ya kilomita kaskazini.

Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954. Kizingiti cha Ripon kilikuwa kimechimbwa, na maporomoko aliyoyaona Speke yakazama. Tangu siku hiyo mlango wa ziwa umekuwa mikononi mwa binadamu.

Lakini ilikubaliwa kwamba mikono hiyo iige mwamba. Wataalamu walichora mstari unaoonyesha, kwa kila kimo cha ziwa, kiasi cha maji ambacho mto ungetoa kama kizingiti kingekuwepo bado. Mstari huo ukawa sheria ya bwawa, nasi tutauita Mchoro wa Makubaliano. Yeyote anayefungua milango ya bwawa alitakiwa asome kimo cha ziwa, atazame mchoro, kisha aachie kiasi kile kile. Haikuwa ruhusa kuangalia mahitaji ya umeme ya siku hiyo kwanza. Kwa njia hiyo, mvuvi wa Mwanza, mkulima wa Kisumu na mfanyakazi wa kiwanda cha Jinja walilindwa na kanuni moja, ingawa wengi wao hawakuwahi kusikia habari zake.

Umeme ulipopatikana, Jinja ikageuka mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo kikafunguliwa, shaba ya Kilembe ikaja kuyeyushwa hapo, na mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, yaliyoanza miaka ya 1920 na 1930, yakaendelea kupanuka pande mbili za mto. Mwaka 1958 umeme wa Jinja ulianza kupelekwa hadi Kenya. Mitambo iliongezwa hatua kwa hatua hadi ikafika kumi mwaka 1968, kwa jumla ya megawati 150.

Mvua zilizowadanganya wapangaji

Kati ya mwaka 1961 na 1964 ilinyesha mvua kubwa isiyo ya kawaida. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, likafurika mialo, mashamba na vijiji vya pwani katika nchi zote tatu. Baada ya hapo halikurudi chini kwa haraka. Kwa takriban miaka arobaini maji yaliyotoka Jinja yalikaribia kuwa maradufu ya yale ya miaka sitini ya kwanza ya karne.

Hapa kuna swali ambalo mwanahistoria hana budi kuliuliza. Je, hali ya kawaida ya ziwa ni ipi? Ni ile ya kabla ya 1961 au ile ya baadaye? Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 angeapa kuwa wingi ule ndio kawaida. Kumbukumbu za tangu 1896 zingemwambia vingine.

Wakati huo huo siasa zilibadilika. Nchi zetu zilipata uhuru, na Tanganyika chini ya Mwalimu Julius Nyerere ilitangaza mwaka 1962 kuwa haifungwi na mkataba wa 1929. Uganda na Kenya zilichukua msimamo kama huo. Baadaye Uganda ikaingia katika miaka ya misukosuko. Mitambo ilichakaa kwa kukosa vipuri, na viwanda vingi vikafa. Amani iliporejea mwishoni mwa miaka ya 1980, mahitaji ya umeme yalianza kupanda tena, na mitambo ya zamani ilikarabatiwa ikafikia megawati 180.

Mfereji wa pili

Serikali na wafadhili wake waliamua kujenga kituo cha pili. Badala ya kwenda chini ya mto, walichimba mfereji wenye urefu wa kama kilomita moja kando ya bwawa la zamani, na kuweka mitambo mwishoni mwake. Mitambo miwili ya mwanzo ilianza kazi mwaka 2000. Kituo kipya kilipewa jina la Kiira, na kile cha zamani kikaitwa Nalubaale. Hivyo majina ya wenyeji yakarudi, angalau kwenye mabango. Mitambo yote mitano ya Kiira ilipokamilika, uwezo wa vituo viwili kwa pamoja ulikuwa megawati 380.

Tafadhali tuelewane vizuri juu ya jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yetu. Vituo hivi viwili havifuatani mmoja juu na mwingine chini. Vimekaa ubavu kwa ubavu. Maji yanayopita Kiira hayawezi kupita Nalubaale. Kujenga Kiira kulikuwa sawa na kutoboa tundu la pili katika mtungi: maji yanatoka upesi zaidi, lakini mtungi haukuongezwa hata kikombe. Mitambo yote ingeweza kuzunguka kwa pamoja endapo tu ziwa lingebaki kujaa kama lilivyokuwa baada ya 1961. Kama hali ingerudi ile ya zamani, yangebaki maamuzi mawili: kuzima mitambo, au kuachia maji zaidi ya yale yanayoruhusiwa na Mchoro wa Makubaliano.

Miaka ya 2004 hadi 2006

Hali ya zamani ilirudi. Mvua zilipungua, na ziwa likaanza kushuka. Mahitaji ya umeme yalikuwa juu, na waliokuwa na mamlaka ya kuamua walichagua kuachia maji kuliko mchoro ulivyoruhusu. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu bwawa lijengwe.

Wengi waliulaumu ukame, na kweli ulikuwepo. Lakini ripoti ya mwaka 2006 ya mtaalamu wa maji Daniel Kull ilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya kushuka huko katika miaka ya 2004 na 2005 kulitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi. Tafiti nyingine za baadaye zilifikia hesabu inayokaribiana na hiyo: takriban nusu ni mvua, na nusu ni binadamu.

Je, nani alilipa? Katika mialo mingi ya Uganda, Kenya na Tanzania maji yalirudi nyuma, na magati yakabaki juu ya matope. Meli zilipata shida kutia nanga. Vinamasi vya mafunjo vilivyo ukingoni, ambamo sato huzalia, vilikauka sehemu nyingi. Mabomba yanayovuta maji ya kunywa kwa ajili ya miji yalibidi kusogezwa kuelekea kina kirefu zaidi. Wavuvi wa Tanzania na Kenya hawakuwa wamewasha hata taa moja kwa maji yale ya ziada, lakini walishiriki hasara.

Waganda wenyewe pia hawakupona. Ziwa liliposhuka, ilibidi hatimaye maji ya bwawa yapunguzwe, na mwaka 2006 umeme ukakatwa mara kwa mara. Kulikuwa na maeneo yaliyopata umeme siku moja na kuukosa siku iliyofuata. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli, ambayo umeme wake ni ghali sana, na bei kwa watumiaji ikapanda. Viwanda vya minofu ya sangara vinahitaji barafu usiku na mchana, na barafu inahitaji umeme. Familia za mijini zilizokosa umeme zilizidi kutegemea mkaa, na mkaa unatoka msituni. Hivyo ndivyo jambo lililoanzia kwenye milango ya bwawa lilivyofika katika bei ya samaki na katika shoka la mchoma mkaa.

Msitu wa Mabira

Mwaka uliofuata somo hilo lilikuja kwa sura nyingine. Msitu wa Mabira, ulio kati ya Kampala na Jinja, ni hifadhi tangu mwaka 1932. Unahifadhi maji yanayoelekea upande wa ziwa na upande wa mto. Mwaka 2007 serikali ilipendekeza kutoa hekta zipatazo 7,100, yaani karibu robo ya hifadhi, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili ipande miwa. Hoja zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi: sukari ilikuwa ikipungua, na makapi ya miwa yanaweza kuchomwa ili kuzalisha umeme. Kiwanda cha Kakira hufanya hivyo, na huuza umeme wa ziada kwenye gridi ya taifa.

Waliopinga walijibu kwamba chakula na umeme huo vingenunuliwa kwa maji. Maandamano yalifanyika Kampala mwezi Aprili 2007, yakageuka ghasia, na watu walipoteza maisha, akiwemo mtu wa jamii ya Kihindi aliyeshambuliwa kwa sababu ya asili yake tu. Mpango huo uliwekwa kando baadaye mwaka huo huo. Tunalitaja tukio hili kwa huzuni. Msitu ulinusurika, lakini damu iliyomwagika haikuwa lazima. Ingetosha kama watu wa misitu, wa maji, wa umeme na wa sukari wangeketi meza moja kabla ya pendekezo kutangazwa.

Kuyatumia maji yale yale mara nyingi

Njia bora zaidi ilikuwepo, nayo ni kujenga chini ya mto badala ya kando. Bwawa la Bujagali, lenye megawati 250, lilikamilika mwaka 2012 kilomita chache kaskazini ya Jinja. Linatumia maji yale yale yaliyokwisha kupita Nalubaale na Kiira. Lilifuatiwa na Isimba, megawati 183, mwaka 2019, na Karuma, megawati 600, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024 chini ya Ziwa Kyoga. Kwa mfuatano huu tone moja hufanya kazi mara nne, na ziwa haliombwi maji zaidi.

Hata hivyo njia hii nayo ina bei yake. Maporomoko ya Bujagali, mahali patakatifu kwa Wasoga wengi, yamezama. Hakuna bwawa lisilochukua kitu kwa mtu. Tofauti ni kama mtu huyo aliulizwa kwanza au hakuulizwa.

Wala shida si upungufu peke yake. Mvua za mwaka 2019 na 2020 zililijaza ziwa upya, na mwezi Mei 2020 likapita kimo cha juu kilichowekwa mwaka 1964. Maelfu ya watu waliojenga na kulima karibu na ufuo walihama. Mwezi Aprili mwaka huo kisiwa cha matete kinachoelea kilisukumwa na maji hadi bwawani Jinja, kikaziba mitambo, na nchi karibu nzima ikakosa umeme kwa muda. Ardhi iliyolimwa wakati ziwa limeshuka haikuwa ardhi ya kudumu. Ilikuwa sakafu ya ziwa.

Kwa upande wa taasisi, hatua zimepigwa. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, ina makao yake Jinja. Itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa ilisainiwa na nchi tatu mwaka 2003, ikazaa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria yenye makao Kisumu. Ni vema tukumbuke kwamba itifaki hiyo ilikuwepo tayari mwaka 2005 ziwa lilipokuwa likishushwa. Karatasi peke yake haifungi milango ya bwawa. Mchoro wa Makubaliano ulivunjwa, na wavuvi wa nchi tatu hawakuwa na njia ya kujua kwa wakati ni maji kiasi gani yaliyokuwa yakiachiwa. Tunaamini kuwa takwimu hizo zinapaswa kutangazwa kila siku, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa.

Maneno ya darasani

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Ziwa hili lina samaki mmoja mdogo anayeitwa dagaa Tanzania, omena Kenya na mukene Uganda. Yule mkubwa ni sangara Mwanza, mbuta Kisumu na mputa Jinja. Wanafunzi wetu wakiandika taarifa kuhusu uvuvi bila kujua kuwa majina haya ni ya samaki yule yule, watadhani wanazungumzia maziwa matatu. Kiswahili kina nafasi ya kuwaunganisha watu wa fukwe tatu, endapo tutayafundisha majina yote badala ya kuchagua moja na kuyadharau mengine.

Tulitazame pia neno mgao. Siku hizi mtu akisema "kuna mgao" watu huelewa kuwa umeme umekatika. Lakini neno hili latokana na kugawa, na maana yake ya asili ni sehemu anayopewa kila mmoja kutoka katika kitu cha wote. Kwa maana hiyo ya asili, Mchoro wa Makubaliano ulikuwa mgao wa kweli, na kilichotokea mwaka 2006 kilikuwa matokeo ya kuukiuka.

Tunawapendekezea walimu zoezi lifuatalo. Ligawe darasa katika makundi manne: wavuvi, wakulima wa miwa, mafundi wa bwawa na wakazi wa mjini. Wape kimo cha ziwa kinachoshuka, kisha wajadiliane kwa Kiswahili ni kiasi gani cha maji kiachiwe wiki hii, na kila kundi lieleze litapoteza nini. Msamiati wa maji, nishati na chakula utatumika wote kwa pamoja, kama unavyotumika huko Jinja. Walimu watakaolijaribu zoezi hili watuandikie matokeo, pamoja na majina ya samaki na ya pepo za ziwa yanayotumika mahali walipo, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.